Sanduku la barua pepe la chama limejaa, nimefuta maelfu ya barua na nafasi haikurudi. Kinachojaza ni nini hasa?

#1 Katibu_Urambo
Salaam wanajukwaa.

Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku wilayani Urambo. Anwani ya chama ni ya Gmail, ile ya bure yenye hifadhi ya GB 15, na sasa imejaa kiasi kwamba barua haziingii wala hazitoki. Mnunuzi amenipigia simu kulalamika kwamba kila anachotuma kinamrudia, na ndani ya barua hizo mna hati za malipo ambazo wanachama wananiulizia kila asubuhi nikifungua ofisi.

Nimeketi nikafuta matangazo ya pembejeo, arifa za mitandao ya kijamii, mialiko ya semina zilizokwisha kupita na kila nilichoona hakina faida kwa chama, na zimeondoka barua kwa maelfu. Kipimo cha hifadhi kimeshuka kutoka GB 15 hadi GB 14.8 tu, maana yake hati chache za mnunuzi zikiingia tutarudi palepale. Ninaanza kuamini kwamba kipimo hiki kimetengenezwa makusudi ili mtu akate tamaa, anunue nafasi. Mwenye maelezo mengine ayalete.

#2 Gungu_Steshenari
Pole Katibu, lakini kabla ya kuwatuhumu wenye kampuni tufanye hesabu kwanza. Barua ya maneno matupu ina kilobaiti chache. Tangazo lenye mapambo yake huwa na makumi ya kilobaiti. Tuchukulie KB 20 kwa kila barua: barua 10,000 za namna hiyo zitafika MB 200, ambayo ni sehemu moja tu ya 75 ya hifadhi yako. Uzito huohuo unaupata kwenye barua 20 zenye viambatisho vya MB 10 kila moja. Hapo hakuna hila yoyote. Umefuta vingi kwa idadi na vichache kwa uzito.

Nenda kwenye sehemu ya kutafutia, andika has:attachment larger:10M kisha utazame kitakachotokea. Ukitaka za zamani peke yake, ongeza older_than:2y mbele yake. Ukizimaliza hizo, teremka hadi larger:5M. Usianze na matangazo.

#3 Ipuli_Tabora
Swali dogo kabla hatujafika mbali: je, umemwaga Tupio (Trash)? Barua ikifutwa haiondoki papo hapo, inahamia Tupio na kukaa humo siku 30 huku ikiendelea kuhesabiwa. Folda ya Taka (Spam) nayo ina siku 30 zake. Nimeona watu wengi wakifuta asubuhi na kulalamika mchana, kumbe mzigo umehama chumba tu.

#4 Katibu_Urambo
Ndugu wa Ipuli, Tupio nililimwaga siku ileile, na hizo GB 14.8 ni baada ya kulimwaga. Ahsante kwa kuuliza.

#5 Fundi_Kanyenye
Wote mmekimbilia barua, na mimi nasema huenda tatizo haliko kwenye barua kabisa. Tangu 2013 hizo GB 15 si za Gmail peke yake, bali zinagawanywa kati ya barua, faili za Drive (hifadhi ya faili ya Google) na picha. Kuanzia tarehe 1 Juni 2021 kila picha inayopandishwa huhesabiwa, hata zile za ubora uliopunguzwa ambazo kabla ya hapo zilikuwa hazihesabiwi. Kisha kuna jambo ambalo wateja wangu wengi hapa mjini hulisikia kwa mara ya kwanza wakiniletea simu: nakala rudufu za WhatsApp za simu za Android zilikuwa hazigusi hifadhi hiyo, lakini mwishoni mwa 2023 utaratibu ulianza kubadilika na sasa zinahesabiwa humohumo.

Kwa hiyo, Katibu, naomba majibu ya maswali mawili. Je, anwani ya chama ndiyo iliyosajiliwa kwenye simu yako ya mkononi? Na lile kundi la wanachama la WhatsApp lina video ngapi za harusi, misiba na hotuba za wagombea? Fungua one.google.com/storage uone mgawanyo ulivyo, halafu ndipo tuendelee kubishana.

#6 Bangwe_Ziwani
Nasimama na Fundi. Kundi la ukoo wetu peke yake linatosha kujaza hifadhi ya wilaya nzima, kwa sababu shemeji yangu wa Kibirizi kila akipata dagaa wa kutosha anatuma video, na akikosa anatuma video ya kueleza kwa nini amekosa. Niliizima nakala ya video kwenye mipangilio ya WhatsApp, nikaacha maandishi na picha tu, na nafasi ikarudi bila kufuta barua hata moja.

#7 Mama_Asali_Sikonge
Hoja ya Fundi isichukuliwe kuwa ya watu wote. Simu yangu ni iPhone, na huko nakala ya WhatsApp huenda iCloud, ambako nafasi ya bure ni GB 5, wala haigusi Gmail. Hata hivyo sanduku langu la biashara ya asali lilijaa vilevile.

Kwangu sababu ilikuwa nyingine. Kijana aliyekuwa akinisaidia alifikiri kwamba akibonyeza kitufe cha kuhifadhi kwenye kumbukumbu (Archive) anapunguza mzigo, na kikasha kweli kikawa kitupu, cheupe, cha kupendeza. Barua zote zilikuwa zimebaki kwenye folda ya barua zote, pamoja na picha za madumu na mizinga kutoka kwa kila mteja. Kuhifadhi kwa namna hiyo huondoa barua machoni tu, na hakurudishi hata kilobaiti moja. Katibu aangalie kama hana msaidizi wa aina hiyo.

#8 Mwalimu_Kasulu
Nashangaa tumefika hapa bila mtu kuitaja folda ya Zilizotumwa. Watu husafisha kinachoingia na kusahau kwamba kila kinachotoka nacho kinaacha nakala yake. Katibu wa chama ni mtu wa kutuma: taarifa za mwezi, orodha za wakulima, mihtasari ya vikao, makisio ya pembejeo. Kila faili aliloambatisha tangu anwani ifunguliwe liko humo, na mara nyingi liko pia kwenye kompyuta ya ofisi na kwenye flashi iliyoko mfukoni mwake.

Isitoshe, mtu akijibu barua yenye kiambatisho, kiambatisho hicho nacho kinarudi. Faili la MB 8 likijibiwa mara tano tayari ni MB 40. Atafute in:sent has:attachment larger:5M, naamini atakutana na uzito wake wote huko.

#9 Fundi_Kanyenye
Mwalimu, aya yako ya kwanza naikubali, ya pili inahitaji kurekebishwa. Ukijibu barua, programu karibu zote huacha kiambatisho nyuma na kubeba maneno tu. Ni pale unapoipeleka barua mbele kwa mtu mwingine ndipo kiambatisho husafiri nayo. Kinachorudi kwenye majibu ni picha zilizopandikizwa ndani ya barua yenyewe, kama nembo ya ofisi iliyowekwa chini ya sahihi. Hiyo inarudiwa katika kila jibu, na kama aliyeiweka alichukua picha nzito kutoka kwenye kamera bila kuipunguza, hata jibu la "nimepokea, ahsante" linaweza kuwa na MB 2.

#10 Mwalimu_Kasulu
Katika ofisi nyingi ninazozifahamu huku Kasulu watu hupeleka mbele hata pale wanapojibu, maana wanaongeza mkuu wa idara na mhasibu humohumo. Kitufe cha kujibu kipo, ila hakina mpenzi. Hesabu yangu ya MB 40 kwa ofisi za namna hiyo ni halali kabisa.

#11 Mzee_wa_Ujiji
Nimewasoma wote. Ninyi mnatafuta faili, mimi naona chanzo ni mazoea, na mazoea hayo yana tarehe. Gmail ilipotangazwa tarehe 1 Aprili 2004 ilitoa GB 1 kwa kila mtu, wakati Hotmail ilikuwa ikitoa MB 2 na Yahoo MB 4 kwa watumiaji wa bure. Wengi walidhani ni mzaha wa sikukuu ya wajinga. Sisi tuliokuwa tukitumia Hotmail tulikuwa tunafuta barua kila tukimaliza kuisoma, la sivyo kesho yake hupokei kitu. Huduma mpya ilituambia wazi kwamba hakuna haja tena ya kufuta, tafuta tu utakapohitaji. Kizazi kizima kimekua bila kujua kuchambua barua, na leo mnaulizana ni folda gani iliyojaa.

La pili ni la kiufundi. Barua pepe iliundwa kubeba maandishi, si picha wala hati zilizoskaniwa, kwa hiyo kiambatisho hugeuzwa kwanza kuwa herufi za kawaida, na katika kugeuzwa huko kila baiti tatu huwa herufi nne. Faili la MB 9 linasafiri likiwa limevimba kufikia MB 12, na la MB 20 huwa karibu MB 27, ndiyo maana seva yenye kikomo cha MB 25 kwa barua nzima inaweza kulikataa ingawa kwenye kompyuta yako linaonekana dogo. Anayepima uzito wa sanduku kwa kujumlisha ukubwa wa faili zake atapata hesabu pungufu kila siku.

#12 Bangwe_Ziwani
Mzee wetu, heshima yako. Kumbe kuna mtu Ujiji aliyekuwa akisoma Hotmail sisi tukiwa bado tunacheza mchangani.

#13 Masijala_Tabora
Naomba niwasimamishe kidogo, kwa sababu mnashindana kumwelekeza Katibu namna ya kufuta na hakuna aliyemuuliza kama anaruhusiwa. Barua hizo ni kumbukumbu za chama. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zinazohusu kodi zitunzwe kwa miaka mitano. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 imefanya barua pepe kuwa ushahidi unaokubalika. Ipo pia Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002, ambayo hairuhusu kuteketeza kumbukumbu bila utaratibu. Mkulima akija kudai kwamba kilo zake zilipunguzwa katika hati ya malipo, utamwonyesha nini?

Wala asije mtu akasema nitazichapa kwenye karatasi. Barua iliyochapwa haibebi vichwa vyake vya ndani vinavyoonyesha ilitoka seva gani na ilifika saa ngapi, na mahali pa ubishi hivyo ndivyo vinavyotazamwa.

Ushauri wangu: nunueni nafasi. Chama kinachouza tumbaku hakiwezi kushindwa na ada hiyo.

#14 Bangwe_Ziwani
Katika hili naungana na Masijala. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika ilizamishwa na Wajerumani 1916, ikaibuliwa 1924 na ikaendelea kufanya kazi ziwani. Barua iliyomalizika siku zake 30 Tupioni haina wa kuiibua.

#15 Ipuli_Tabora
Masijala, nakuheshimu, lakini ile sheria ya 2002 inahusu ofisi za umma, na chama cha ushirika ni mali ya wanachama wake. Hiyo ya kodi inamhusu kweli, ingawa haisemi kwamba kumbukumbu lazima zikae kwenye seva ya Google. Anaweza kutumia Takeout, huduma ya Google ya kupakua data zako, akapakua sanduku zima likiwa faili moja la barua (mbox) lenye vichwa vyote unavyovitaka, akaliweka kwenye diski mbili, moja ofisini na nyingine kwa mwenyekiti, ndipo afute. Kununua nafasi bila kuchambua ni kuahirisha: mwaka unaofuata utanunua nyingine.

#16 Masijala_Tabora
Diski iliyoko kwa mwenyekiti ndiyo unayoiita utunzaji wa kumbukumbu? Wenyeviti hubadilika kila uchaguzi, na diski haina kawaida ya kukabidhiwa.

#17 Gungu_Steshenari
Narudi kwenye uzito, maana hapa kwangu ninauona kila siku. Watu wanaziskani hati kwa rangi na kwa nukta 600 kwa inchi kwa sababu mashine ilikuja imewekwa hivyo na hakuna aliyeigusa. Ukurasa mmoja wa A4 kwa kiwango hicho una nukta kama milioni 35, na kabla ya kubanwa unafikia MB 100 na zaidi. Ukurasa huohuo kwa nukta 200 na rangi ya kijivu ni kama MB 4 kabla ya kubanwa, na maandishi yanasomeka vizuri, muhuri na sahihi vinaonekana. Kubanwa hupunguza vyote viwili, lakini tofauti haifi. Wiki iliyopita mteja aliniletea fomu ya kurasa sita ikiwa na MB 31. Nikaiskani upya mbele yake, ikatoka chini ya MB 1, akaituma kwa simu yake akiwa bado amesimama kwenye kaunta. Katibu akibadilisha mpangilio mmoja tu kwenye mashine ya ofisi, mzigo unaokuja utapungua kuliko tutakachokifuta sote.

Sanduku la steshenari lenyewe ni hadithi nyingine. Kila anayetaka kuchapa anatuma kwenye anwani yetu, na ninapokea vyeti, hati za kusafiria, majibu ya vipimo, mikataba ya viwanja. Nimeweka kichujio: kila kinachoingia na kiambatisho kinapewa lebo, na Ijumaa jioni nafuta vyote vilivyo chini ya lebo hiyo.

#18 Mwanga_Sokoni
Ndugu wa Gungu, kabla hujapata mazoea hayo ya Ijumaa, wasifu wangu wa kuombea kazi niliochapa kwako ulikuwa umekaa wapi? Maana nahisi nusu ya mkoa wa Kigoma imelala kwenye kompyuta yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeshaanza kutumika, na katika misingi yake mojawapo ni kwamba taarifa za mtu zisikae muda mrefu kuliko kazi zilizokusanyiwa. Kwa upande wa steshenari, kwa hiyo, kufuta si suala la nafasi, ni wajibu. Masijala anasema tutunze, sheria hii inasema tusikae nazo. Mwenye kuzipatanisha asimame.

#19 Gungu_Steshenari
Wasifu wako umefutwa, mdogo wangu, ila nakumbuka ulikuwa na kosa la tahajia kwenye jina la shule.

#20 Nzega_Seva
Mmezungumza kana kwamba kila mtu yuko Gmail. Wapo wenye anwani za kampuni au shirika lao, ambako sanduku linaweza kupewa MB 500 au GB 1 tu, na sababu za kujaa huko ni tofauti. Nilikutana na ofisi moja ambayo kompyuta yake ilikuwa ikivuta barua kwa njia ya POP, yaani kuzipakua kutoka kwenye seva, huku kisanduku cha kuacha nakala kwenye seva kikiwa kimewekwa alama. Mhasibu alikuwa akifuta kwenye kompyuta yake kila siku, seva ikabaki na kila barua tangu siku ya kwanza. Kwa njia ya IMAP, ambayo kompyuta na seva huenda sambamba, unachofuta hapa kinafutwa na kule, na hapo hatari yake inageuka: ukidhani unapunguza mzigo wa simu, umefuta barua ya ofisi.

Na wanaotumia programu za barua za kompyuta kama Outlook au Thunderbird wajue jambo lingine. Barua ikifutwa humo, faili la kwenye diski halipungui hapohapo. Nafasi yake huachwa wazi ndani ya faili mpaka folda zibanwe upya. Outlook za zamani, kabla ya toleo la 2003, faili la PST, ambamo barua hutunzwa, lilipokaribia GB 2 lilianza kuharibika, na bado nakutana na kompyuta ofisini zenye mafaili ya enzi hizo.

#21 Katibu_Urambo
Nimerudi, na samahani kwa kukawia. Tulikuwa na kikao cha bodi.

Mgawanyo ulisomeka hivi: barua GB 9.1, Drive pamoja na nakala rudufu GB 4.2, picha GB 1.5. Simu yangu kweli ilikuwa imesajiliwa kwa anwani ya chama. Niliihamishia nakala ya WhatsApp kwenye anwani yangu binafsi na kuifuta ile ya zamani, nikapakua sanduku zima kwa Takeout usiku bando lilipokuwa nafuu, kisha nikafuta kwenye Zilizotumwa kila barua yenye kiambatisho kizito ya zaidi ya miaka mitano. Sasa kipimo kinasoma GB 6.3. Barua ziliongoza, kwa hiyo nadhani Mwalimu ndiye aliyekuwa karibu zaidi.

#22 Fundi_Kanyenye
Hongera, ila hukumu hiyo naikatia rufaa. Hizo GB 9.1 za barua zilikusanyika kwa miaka mingi na sanduku halikujaa. Nakala ya WhatsApp ndiyo iliyokuja karibuni, ikaongezeka usiku hadi usiku, ikasukuma hadi ikamwagika. Kikubwa kuliko vyote na kilichosababisha kujaa ni vitu viwili tofauti.

#23 Mwalimu_Kasulu
Kama ndugu Fundi angeiondoa WhatsApp peke yake, sanduku lingekuwa na zaidi ya GB 10 na lingejaa tena msimu unaofuata. Mimi naona swali limejibiwa.

#24 Mzee_wa_Ujiji
Na mimi naona nyote mmefuta kwa sababu mmelazimika. Tukutane msimu huo unaofuata.

#25 Mama_Asali_Sikonge
Katibu, je, barua za mnunuzi zilizokuwa zikirudi zimeingia zenyewe?

#26 Nzega_Seva
Inategemea namba iliyoandikwa kwenye barua iliyomrudia. Ikianza na 4, kwa mfano 452, maana yake ni kikwazo cha muda, na seva ya mtumaji huendelea kujaribu kwa siku kadhaa kabla ya kukata tamaa. Ikianza na 5, kwa mfano 552, imekataliwa moja kwa moja na hakuna kitakachoingia mpaka aitume upya.

#27 Katibu_Urambo
Nimemuuliza, amesoma 552 kwa zote. Anatuma upya leo jioni, kurasa zaidi ya arobaini, na ananiambia faili lina MB 29 na linakataa kuambatishwa.

#28 Gungu_Steshenari
Muulize mashine yake imewekwa nukta ngapi.